Hakuna Cha "Nitakutumia"

Jumapili saa saba mchana, ibada imetoka huko New Congo, ndani ya Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda. Kwaya bado imevaa sare ya kitenge, watoi wamepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, na mabuda wamechapa luku ya Kikongo: suti ya bluu, kiatu imepigwa brashi, kofia imelalia sikio moja. Mi nko hapo kando na kamera ya plastiki, rangi ya bluu ya maji, imefura kama toi ya kuoga nayo. Mathe mmoja ananicheki kutoka juu mpaka chini.

"We kijana, hii kamera ni ya kweli ao ni ya kuchezea?"

"Simama hapo tu, mama. Utajionea."

Kacha. Flashi inawaka, kamera inanguruma kidogo, halafu inatoa ulimi: karatasi nyeupe, ngumu, saizi ya kadi. Nampea. Anaigeuza mbele, anaigeuza nyuma. Kavu. "Imekataa," anaambia wenzake, na kicheko kinaanza. Namwambia angoje, na asiitingize. Watoi wanajaa. Kamoja kanaanza kuhesabu kwa Kifaransa, wengine wanakafuata. Kabla wafike thelathini, rangi inaanza kupanda kutoka ndani ya ule weupe: kwanza giza ya mlango wa kanisa, halafu kitenge, halafu uso, meno nje.

"Iko natokea! Iko natokea!"

Mathe akaishika na ncha za vidole kama mtu ameshika chapati ya moto. Akaiangalia weee. Halafu akaniuliza ile swali kila mtu ananiulizanga: "Na yako iko wapi?"

"Sina, mama. Ni hiyo moja tu. Ni yako."

Akanyamaza. Akatoa kwa pochi ile plastiki yenye anawekanga kitambulisho chake cha ukimbizi, akatelezesha picha nyuma ya kadi. Ikaingia sawasawa, kama imepimwa.

Tangu hiyo Jumapili niliacha kusema naenda Nakivale kuchukua picha. Naendanga kuziacha.

Deni ya wapiga picha wote

Wacha nijitambulishe. Mi ni mtoi wa Umoja, Nairobi. Nilikam Mbarara juu ya chuo, chuo ikaisha, mi nikabaki. Keja yangu iko Kakiika, upande wa kaskazini wa jiji, penye asubuhi unaweza kupishana na ng'ombe wa pembe ndefu kabla ya kupishana na boda. Sheng yangu hapa ni vichekesho. Na Wanyankole, wenyeji wa hapa, tunaelewana mpaka salamu tu, "agandi" na "ni marungi". Baada ya hapo tunabonga na mikono. Lakini ukienda Nakivale, kama kilomita 60 hivi kutoka mjini, Kiswahili kimejaa soko yote. Hapo mi nko nyumbani kabisa.

Mwenye alinipeleka mara ya kwanza ni beshte yangu wa chuo, msee wa Uvira, familia yake inaishi huko. Unashika taksi ya Isingiro, unapita mashamba ya matoke mpaka macho inachoka na kijani, halafu lami inakuacha na vumbi inakupokea. Kama unafikiria utapata hema na waya, umepotea. Nakivale ni mji wa vijiji umejinyoosha kando ya ziwa. Ilianza 1958, ikatambuliwa rasmi 1960, enzi Watutsi walikuwa wanakimbia Rwanda. Sai iko na watu zaidi ya 150,000: Wakongomani wengi, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia. Pale sehemu inaitwa Base Camp unamanga fufu na sombe upande huu, unavuka barabara, unateremshia na chai ya Kisomali yenye hiliki imekolea.

Safari za kwanza nilikuwa na simu tu. Nilipiga picha kama nimetumwa. Kila mtu aliniuliza, "Utanitumia?" na mi nikajibu venye sote tunajibunga: "Nitakutumia." Uongo mtupu. Wengine hawakuwa na simu ya WhatsApp, wengine laini zilibadilika, wengine bando ilikuwa anasa. Baada ya mwaka simu yangu ilikuwa imejaa sura za watu wa Nakivale, na wenye sura hawakuwa na hata moja. Buda mmoja wa kushona viatu aliniambia, tena bila hasira, "Kila mwaka wageni wanakuja kunipiga foto. Sura yangu imesafiri kunishinda."

Hiyo maneno ilinikwama kooni. Wiki hiyo hiyo manzi mmoja wa chuo alikuwa anauza vitu ahame, na kati ya sufuria na godoro kulikuwa na kamera ya papo hapo, Instax Mini 9, ile ya bluu. Nikaichukua. Betri zake ni mbili tu, zile ndogo za tochi, unazipata kwa duka yoyote, so hata stima ikipotea mi nko wera.

Swali ya mtoi wa miaka 3

Hii kitu ya picha ya papo hapo ilianza na mtoi hana subira. Mwaka wa 1943, Edwin Land, mbuyu wa kampuni ya Polaroid, alikuwa likizo Santa Fe, Marekani. Akampiga picha binti yake wa miaka 3. Binti akauliza mbona hawezi kuiona sai sai. Land akatembea akiwaza hiyo swali, na tarehe 26 Novemba 1948 kamera ya kwanza ya picha ya papo hapo ikauzwa dukani Boston. Mwaka wa 1972 ikakuja SX-70, yenye ilikuwa inatema picha na picha inajichora yenyewe mbele ya macho yako.

Halafu simu na kamera za dijitali zikakanyaga hiyo biashara. Mwaka wa 2008 Polaroid ikatangaza haitengenezi filamu tena. Kuna wasee walikataa: wakachukua kiwanda cha mwisho huko Enschede, Uholanzi, wakaanza kubuni filamu upya. Upande wa Japani, Fujifilm walikuwa wametoa Instax tangu 1998, na hiyo ndo imejaa mikononi mwa vijana sai.

Ndani kuna nini? Kila shiti ni kama sandwichi nyembamba: tabaka za kushika mwanga, rangi, na kifuko kidogo cha dawa kimefichwa pembeni. Shiti ikitoka inapita katikati ya roli mbili za chuma, zinapasua hicho kifuko na kupaka dawa sawasawa, kama mathe anasambaza siagi kwa mkate. Kwa dakika moja na nusu hivi picha imeiva. Yote inafanyika ndani ya plastiki imezibwa, so kuitingiza hakusaidii kitu. Hiyo tabia ya kutingiza ilitoka kwa filamu za zamani, zenye ulikuwa unabandua karatasi na kungoja ikauke.

Sasa skiza hii. Shiti ya Instax Mini ni milimita 86 kwa 54. Kadi ya benki au ya kitambulisho ni karibu hiyo hiyo, tofauti hata nusu milimita haifiki. Ndo maana picha ya ule mathe iliingia kwa plastiki bila kusumbua.

Sura ya kadi na sura yako

Hapo ndo stori inakuwa nzito kidogo. Watu wa Nakivale hawajakosa kupigwa picha. Wamepigwa mpaka wamechoka. Mwaka wa 2018 serikali ya Uganda na UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, walihakiki wakimbizi wa nchi nzima: vidole, macho, sura. Kila mtu ako na picha yake mahali, kwa kompyuta ya mtu mwingine, ameambiwa asicheke na aangalie mbele.

Na kamera ya papo hapo yenyewe si malaika. Afrika Kusini wakati wa ubaguzi, Polaroid ndo ilikuwa inatumika kutoa picha za pasi, ile karatasi yenye Mweusi alilazimishwa kubeba kila mahali. Mwaka wa 1970, wafanyakazi wawili Weusi wa Polaroid huko Massachusetts, mkemia Caroline Hunter na mpiga picha Ken Williams, waligundua kazi yao inaishia wapi. Wakaanzisha harakati ndani ya kampuni, Hunter akafutwa kazi, hawakunyamaza. Mwaka wa 1977 Polaroid ikatoka Afrika Kusini. Mashine ni ile ile: sekunde sitini unapata picha. Swali ni nani anaondoka nayo.

Hata hapa Uganda kuna mfano moto. Huko Gulu kuna studio inaitwa Gulu Real Art Studio. Mtu akitaka picha moja ya fomu, studio ilikuwa inampiga picha kubwa, halafu inakata uso peke yake, mraba safi, inampea. Mashine ya picha ndogo ilikuwa inatoa nne kwa mpigo na mteja hakuhitaji nne. Mabaki yalibaki studio: koti, mikono, magoti, kiti, na shimo jeupe penye uso ulikuwa. Mpiga picha wa Italia, Martina Bacigalupo, aliyaokota hayo mabaki na mwaka wa 2013 yakatoka kama kitabu. Cheki vizuri utaona koti moja limevaliwa na watu wengi. Ilikuwa ya kuazimwa, ju fomu inataka mtu rasmi.

Mi huwa nafikiria Instax ni kinyume ya hiyo studio. Huku uso haukatwi. Unaenda na koti lako, magoti yako, mtoi amekushika sketi, na mbuzi amepita nyuma bila kuitwa.

Mzae wa huku huku

Na kabla mtu aseme hii ni tabia ya mayuthi wa Instagram: hobi ya kamera huku Ankole ni ya zamani. Kulikuwa na mzae anaitwa Musa Katuramu. Alikuwa mwalimu wa useremala, na kando ya mbao alipendanga kamera. Alipiga mabeshte, familia, na wasee wa kazi, wamejipanga na luku zao, wametulia. Hizo picha zilikaa nyumbani miaka mingi mpaka History in Progress Uganda, mradi wenye ulianzishwa 2011 na Andrea Stultiens na Rumanzi Canon, wakazitoa watu wazione.

Kwa Kiganda picha inaitwa ekifaananyi. Skiza hilo neno vizuri: ndani yake kuna kufanana kwetu. Kwa Kinyankole ni ekishushani, na njia ni hiyo hiyo, kitu cha kufanana na mtu. Wakongomani wa Nakivale wanasema foto, sisi tunasema picha, zote za kuazima kwa wazungu. Majirani zetu wa Kibantu walikuwa wamepatia maana zamani: picha ni kufanana. Kama mathe haoni imemfanana, hata uweke rangi gani, hiyo si kitu.

Makosa nimeshalipia, wewe usirudie

Shiti moja inanikosti kama rolex mbili, zile za chapati na mayai, na pakiti iko na kumi. Mi huagizia Kampala, inasafiri na basi kilomita kama 270. So kila kosa ni rolex mbili chini. Nimeangusha rolex nyingi, wacha nikuokolee zako.

Jua ya saa sita ni adui. Filamu ya Instax ni ya ISO 800, inakunywa mwanga haraka sana. Mini 9 iko na gurudumu mbele, na michoro: nyumba, wingu, jua, jua kali. Taa ndogo inakuwakia pale penye unafaa kuzungusha, iskize. Harusi ya kwanza kupiga picha, sikuiskiza. Bwana harusi alivaa shati nyeupe, nikampiga saa sita mchana gurudumu iko kwa nyumba. Picha ikatoka tai nyeusi inaelea hewani, juu yake masharubu. Watu walicheka mpaka keki ikachelewa. Nikatoa shiti ya pili bure, na ya tatu.

Joto nayo. Filamu inafanya poa kati ya digrii 5 na 40. Ukiiacha kwa dashibodi ya taksi iliyopaki juani, rangi inageuka kila mtu amepakwa binzari. Mi nafunganga pakiti kwa kitambaa, naweka katikati ya nguo kwa begi. Baridi kali ni kinyume, picha inavuta bluu. Hiyo shiti ikitoka ingiza ndani ya koti iivie kwapani.

Vumbi ya Nakivale ni nyekundu na haina aibu. Ikiingia kwa roli, picha zako zote zitakuwa na nukta kwa mstari, umbali sawa, kama nyayo za kuku. Pakiti ikiisha, fungua, panguza roli na kitambaa laini. Nimesema pakiti ikiisha! Siku moja kamera ilikwama, nikafungua mgongo ikiwa na filamu ndani. Mwanga ukaingia, shiti zikaungua. Nilikaa kwa jiwe nikaziangalia kama mtu amefiwa.

Simama karibu, hatua mbili hivi. Flashi yake haifiki mita tatu, so usiku ukipiga mtu amesimama mbali utapata giza na macho. Usiku mweke karibu na ukuta. Na dirisha la kuchungulia liko kando ya lenzi, si nyuma yake. Mtu akiwa karibu sana, sogeza kidogo la sivyo utamkata sikio.

Kwa ngozi yetu, saa kumi na moja jioni ndo saa ya dhahabu. Mgeuze mtu aangalie mwanga. Ukimweka kivulini na nyuma yake anga inawaka, kamera inadanganyika na anga, uso unazama.

Kuna mwenye atakataa

Hii sehemu usiruke. Nakivale ni makazi ya watu wamehepa vitu. Kuna msee ukimweka mtandaoni umemwonyesha mtu fulani penye anaishi. Makazi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, so kama unaingia na kamera kwa kazi rasmi, omba ruhusa kwanza. Na hata kama ni hobi tu, uliza mwenyewe kabla uinue kamera. Akisema hapana, ni hapana, bonga stori zingine.

Kuna dada mmoja anauza nyanya, nilimwomba akakataa. "Kuna watu sitaki wajue niko hapa." Nikasema sawa, nikanunua nyanya. Wiki ingine akaniona napiga mtoi wa jirani, akaja akasimama kando, akauliza pole pole, "Ikitoka, ndani ya kamera inabaki ingine?" Nikamwambia haibaki. Hakuna memori, hakuna kadi, hakuna mtandao. Akachukua kamera, akaigeuza geuza, akanirudishia. "Basi nipige. Lakini nitaishika mimi mwenyewe ikitoka." Aliivuta kwa mdomo wa kamera na mkono wake. Mi sikuiona hata ikiiva. Aliiweka ndani ya Biblia, akafunga.

Simu ya bei gani itakupea hiyo?

Hesabu

Watu wa Kakiika wananiuliza mbona napoteza doh kwa karatasi na simu yangu iko na kamera tatu. Jibu langu ni fupi. Simu hainidai kitu, so napiga bila kuangalia. Na shiti kumi, natembea siku nzima nikiangalia watu: nani amepiga luku leo, nani hajawahi kuwa na picha ya mtoi wake, nani amepona juzi, nani anahama kesho. Siku zingine narudi keja na shiti sita bado. Hiyo si hasara. Niliangalia watu siku nzima.

Sheria yangu ni tisa kwa moja. Tisa napeana papo hapo, moja nabaki nayo, na mara nyingi hata hiyo moja inaombwa nikiwa nimeshafika steji ya taksi. Ukianza hii hobi, anza hivyo. Usijaze ukuta wa keja yako na sura za watu wenye hawana hata picha moja kwao. Kama pakiti nzima ni ghali, changeni mbogi ya watu watano, kila mtu ako na shiti mbili. Tembeleeni shosho, kinyozi wenu, mama wa rolex, yule boda anawabebanga kwa deni.

Ule mathe wa kwaya nilipatana naye tena miezi kadhaa baadaye. Alitoa kadi, akaigeuza, picha iko, rangi haijatoka. Ukiniambia nikuonyeshe venye ilikaa, siwezi. Iko Nakivale, kwa mwenyewe.